Likizo ya zabibu

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2017, nyumbani Hombolo, mkoani Dodoma, nilikwenda chuo kikifungwa tu. Bahati nzuri likizo zetu zilipatana na mzabibu. Muhula wa kwanza uliisha karibu na mavuno ya Februari na Machi, na likizo ndefu ya Julai ilinikuta shambani mpaka mavuno ya Agosti na Septemba yamalizike. Baba hakuwa na haja ya kunipigia simu kunikumbusha. Nikishuka garini leo, kesho asubuhi nimeshakabidhiwa mkasi na ndoo.

Basi la wakati ule lilijaa pale stendi ya Msamvu, likaondoka kondakta akiwa bado anazozana na mpiga debe juu ya mzigo wa mtu. Kwa saa nne au tano za njia tulikula msimu kwa macho na kwa mdomo. Dakawa ilikuwa na mpunga wake wa umwagiliaji. Dumila vijana walikimbilia madirishani na kile ambacho mwezi huo umewapa: Februari maembe ya mwishomwisho, Julai nyanya kwenye ndoo za plastiki, ndoo nzima kwa bei ya mafungu mawili matatu ya sokoni Dodoma. Gairo, kama ni Julai, baridi ilipenya kwenye kioo kisichofunga vizuri na kina mama wakajitanda kanga ya pili. Kibaigwa maroli yalipanga foleni kupakia mahindi, na mafuta ya alizeti yalisimama kwenye chupa za maji zilizokwishatumika, juu ya meza za miti kando ya lami. Mahali fulani katika mapori ya Kongwa gari lilisimama abiria wachimbe dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Hapo ndipo msimu ulipokushika miguuni. Machi viatu vilinasa kwenye tope, Septemba vumbi lilipanda mpaka kwenye kope.

Tukifika Dakawa hakukosekana mtu mzima wa kumwonyesha jirani yake mahali alipofia Waziri Mkuu Edward Sokoine, kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma. Chuo chetu kilianzishwa Julai mwaka huohuo kikapewa jina lake. Wanafunzi tulikuwa tunaijua habari hiyo kwa ajili ya mitihani ya mdomo ya wazee wa kwenye basi, maana wakishajua unasoma Sokoine ni lazima wakuulize. Mimi ajali sikuwa naziwaza sana. Niliwaza maji. Nilikuwa bado sekondari Januari 2014, mafuriko yalipokata daraja pale Magole, karibu na Dumila, na barabara ya Dodoma ikafungwa. Tangu hapo kila masika tulipokaribia daraja lile nilitulia kwenye siti, nikaacha kutafuna.

Niliporudi chuoni kwa shahada ya uzamili mwaka 2023, mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika kwenye siti za basi hilohilo. Serikali ilikuwa imehamia Dodoma, na walanguzi wa vitunguu walikaa sasa na watumishi wa wizara wenye kompyuta mapajani, wanaokwenda kuona familia walizoziacha Dar es Salaam. Halafu ikaja treni ya umeme. Juni 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kabla Julai haijaisha ikawa imefika Dodoma. Kwangu safari ikawa ya takribani saa mbili.

Nakiri nilipenda. Siti yako ina namba, hakuna anayekupakatisha kuku, na mwendo unafika kilomita 160 kwa saa bila askari wa tochi kukutokea nyuma ya mbuyu. Reli hii haipiti Dumila wala Gairo. Inashika upande wa kusini: mbuga za Mkata, Kilosa, kisha inaingia kwenye mahandaki ya milimani na kulifuata bonde la mto Mkondoa kwenda Kidete na Gulwe. Ni bonde lilelile walilopita Wajerumani na reli yao iliyofika Kigoma mwaka 1914, na ambalo limeisumbua reli hiyo kwa mafuriko miaka nenda miaka rudi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliing'oa vibaya, treni zikasimama kwa miezi.

Kuna kitu ambacho treni ilinionyesha na basi halikuwahi. Morogoro ni nchi ya vuli na masika. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 500 na ushei kwa mwaka, kwa sababu milima ya mashariki inaunyang'anya upepo unyevu kabla haujafika. Haya niliyafundishwa darasani, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata alama. Lakini kwa basi mabadiliko hayo yalikuja polepole, kijiji kwa kijiji, na kwa kuwa katikati umesinzia na kula mahindi ya kuchoma, huwezi kusema nchi imegeuka wapi. Kwa treni unaingia handakini nje kukiwa na migomba, na dakika chache baada ya kutoka milimani unaona mibuyu na miiba, na mito ya mchanga mtupu. Safari ya kwanza nilimtikisa abiria wa jirani ili aone. Aliinua macho kwenye simu, akasema, "Enhe, tumefika wapi?"

Hasara yake sikuiona haraka. Kwa kuwa kwenda kumekuwa rahisi, niliacha kusubiri chuo kifungwe. Nikawa nakwenda Jumamosi, narudi Jumapili. Niliamini nimekuwa mtoto mwema kuliko zamani, maana wazazi wananiona mara nyingi. Kumbe Mama alianza kunipikia wali. Mtoto wa nyumbani kwetu anakula ugali wa uwele na mlenda kama kila mtu, wali ni wa wageni. Godoro langu lilitandikwa shuka jipya. Nikiomba jembe nikapalilie karanga naambiwa pumzika, kesho una safari. Mwaka jana zabibu zilivunwa katikati ya wiki, nikiwa Morogoro nakwaruzana na kompyuta, na nilizikuta kwenye picha ambayo mdogo wangu aliirusha kwenye kundi la familia. Nilifika Jumamosi matunda yameshaondoka, mnunuzi ameshapanga bei yake, na Baba ameshakasirika na kupoa. Kila kitu kilikuwa kimekwisha nami nikaletewa soda.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo tasnifu yangu ilikuwa juu ya msimu. Nachunguza lini mvua zinaanza na lini zinaisha katika wilaya zetu, kwa takwimu za miaka mingi za vituo vya hali ya hewa. Katika utafiti wa namna hii huwezi kusema tu mvua zimeanza. Unaweka kigezo. Kinachotumika sana ni hiki: mvua zimeanza siku ambayo zimepatikana milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili, mradi katika siku 30 zinazofuata pasitokee ukame wa zaidi ya siku kumi mfululizo. Kigezo hicho kinaepuka mvua ya kudanganya, ile inayonyesha vizuri mwanzoni mwa Desemba, watu wakapanda, kisha jua likawaka mpaka mbegu zikaungua ardhini.

Nilimweleza Baba jioni moja, kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo nyie mnajua kwamba mvua imeanza baada ya mwezi mzima kupita?"

Nikamwambia ndiyo, kwa maana fulani.

"Hata mimi baada ya mwezi najua."

Swali hilo sasa liko kwenye sura ya tano ya tasnifu yangu, kwa maneno ya kistaarabu zaidi, na msimamizi wangu amelipigia mstari akaandika pembeni kwamba niliendeleze. Nimejaribu. Mkulima wa Dodoma hana siku 30 za kusubiri. Anachofanya ni kugawa hatari: anaberega mapema, anakwaruza ardhi juujuu kabla ya mvua, sehemu anaipanda ikiwa kavu, sehemu anaiacha, uwele hapa, mtama kule. Waingereza waliokuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao ya kulima karanga walitaka kulima mara moja eneo kubwa kwa zao moja. Udongo ule ukikauka unakuwa mgumu kupita kiasi, mvua ziliwatupa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Babu zetu waliwafanyia vibarua. Sijui kwa nini hadithi hii inafundishwa kama kichekesho cha Waingereza, wakati ingefaa kufundishwa kama somo la mvua.

Mzabibu wenyewe hauhusiki sana na ubishi huo, na ndiyo maana Baba anaupenda. Mwongozo wake ni mkasi. Ukiupogoa leo, baada ya takribani miezi minne unavuna. Ukipogoa Aprili unavuna Agosti, jua likiwa kali na zabibu zikiwa tamu kuliko zote. Ukipogoa Novemba unavuna Machi, katikati ya mvua, na hapo unapambana na ukungu na ubwiri. Mkulima wa zabibu anajipangia msimu, kisha anaulipia.

Mwaka huu kila kitu changu kimeangukia kwenye mavuno ya Agosti. Natetea tasnifu mwezi huo. Barua ya posa ililetwa mwezi wa nne, na ng'ombe walishazungumzwa, kwa kelele kidogo, maana wakwe zangu watarajiwa ni Waluguru wa Mgeta na huko mambo ya mahari ya ng'ombe hayaendi kama kwetu Wagogo. Kule Mgeta, kwenye mabega ya Uluguru, wanavuna kabichi na karoti karibu mwaka mzima, kwa hiyo mshenga wao alipopendekeza harusi iwe Desemba, shule zikiwa zimefungwa na ndugu wa Dar es Salaam wakiwa na nafasi, hakuona tatizo. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia kwamba Desemba hata mgonjwa huku anashika jembe. Wakarudi mara ya pili, wakaafikiana Septemba, zabibu zikishalipwa. Mwenzangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari Morogoro, alinitumia ujumbe: harusi yetu imepangwa na mnunuzi wa zabibu. Sikuwa na jibu.

Oktoba natakiwa kuripoti Mtwara, kwenye mradi wa utafiti wa korosho. Mwenzangu ataomba uhamisho, na uhamisho una misimu yake ambayo hakuna mtaalamu aliyewahi kuitabiri. Mtwara wao pia wana msimu mmoja wa mvua kama sisi, lakini korosho huokotwa kuanzia Oktoba, wakati ambao kwetu mashamba yako matupu yakisubiri mawingu. Na kutoka huko mpaka Hombolo si safari ya Jumamosi na Jumapili. Ni basi la kutwa nzima hadi Dar es Salaam, kulala, treni, halafu hiace ya Hombolo. Nimeambiwa ruhusa ya kwanza naweza kuipata Machi, korosho zikiwa zimeshauzwa na mikorosho haijaanza kuchanua.

Nilipowaambia nyumbani, Mama aliuliza kama Mtwara kuna uwele. Baba hakuuliza kitu. Alikaa akihesabu vidole kurudi nyuma, Machi, Februari, Januari, Desemba.

"Unakuja mwanzo wa mwezi au katikati?"

"Katikati, nadhani."

"Basi upande wa bwawani nitapogoa katikati ya Novemba. Utanikuta navuna. Mwambie na huyo mwalimu aje na nguo za kazi."

Mama akasema zabibu za Machi zitamwozea na mvua, kama zilivyomwozea mwaka juzi.

"Mvua muulize mtaalamu wako," Baba akamjibu, akanyoosha kidole kwangu. "Ila atakujibu Aprili."