Ungempa nani kitabu hiki?

Lile kaunta buku lilianza kama adhabu. Jioni moja ya likizo ya Desemba, fundi mmoja wa friji jijini Mwanza alirudi nyumbani akakuta binti yake, aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha pili, na mdogo wake wa kiume wa darasa la nne wanagombea simu ya mama yao kwenye kochi. Maharage yalikuwa yanaungua jikoni na hakuna aliyesikia harufu. Baba huyo si mtu wa maneno mengi. Alizima jiko, akaenda duka la jirani, akarudi na kaunta buku moja na kalamu mbili.

"Kila wiki mbili, kitabu kimoja," alisema. "Ukimaliza unaandika humu."

"Tunaandika nini, baba?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika maswali matatu ndani ya jalada: Kinahusu nini? Kimekufanya nini? Ungempa nani? Swali la tatu lilimjia tu, maana laini za jalada zilikuwa bado zimebaki. Ndilo lililokuja kuleta mambo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kimeshakaa nyumbani: Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, ambacho binti alikuwa amenunuliwa mapema kwa ajili ya kidato cha tatu. Alikisoma kwa siku nne na akaandika ukurasa mzima: fani na maudhui, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, wahusika, mandhari. Baba aliusoma akiwa amesimama mlangoni.

"Ndivyo utakavyomsimulia rafiki yako hivi?"

Binti alicheka. Akachana ukurasa, akaandika upya mistari sita. Kwamba ni habari ya mama anayeuza chakula na watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada. Kwamba baada ya kukisoma hakuweza kumpita yule mama wa chapati wa kona ya mtaa wao bila kumsalimia. Na kwamba angempa mwalimu yeyote mwenye kazi ya kurudisha watoto nyumbani. Mistari sita ile ilikuwa na uhai kuliko ukurasa wote wa mwanzo. Shule ina sababu zake za kufundisha uhakiki kwa vipengele, na mtihani unavitaka, lakini nyumbani si chumba cha mtihani.

Vitabu vilipatikana kwa njia ambazo mzazi yeyote wa mjini anaziweza. Vingine walivitoa maktaba ya mkoa. Vingine walivinunua kwa mtandazaji wa vitabu vilivyotumika, yule anayepanga riwaya, kamusi na vitabu vya fizikia vilivyochakaa juu ya turubai moja, na ukimnunulia mara tatu anaanza kukuwekea. Ili watoto wasing'ang'anie aina moja, baba aliandika aina za vitabu kwenye vikaratasi, akavikunja na kuvitia kwenye bakuli la sukari lililokosa mfuniko: upelelezi, ushairi, tamthilia, maisha ya mtu, hadithi za kale, safari. Unaokota kikaratasi, unakwenda kutafuta. Sheria ya pili ilitoka kwa mama yao, muuza vitenge sokoni: ukifika ukurasa wa thelathini na kitabu kinakuchosha, kiweke chini, lakini andika kwa nini umekiacha. Kurasa za vitabu vilivyoachwa ndizo zilizochekesha zaidi.

Mdogo mtu alianza na Hekaya za Abunuwasi. Yeye hakutaka maneno mengi, akabuni kipimo chake: chapati. Abunuwasi alipata chapati tano kati ya tano. Kitabu kilichofuata, tano. Cha tatu, tano. Dada yake alimwambia kwamba anayesifu kila kitu haaminiki hata sokoni, na tangu siku hiyo akawa mkali kama mkaguzi wa mizani: chapati moja na nusu, "kwa sababu picha ni chache na sungura anashinda kila mara."

Dada mtu aliokota "ushairi" na akanuna siku nzima. Maktaba ilimpatia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Maneno ya Kimvita yalimpiga chenga, kamusi ikawa inafunguliwa kila mara. Kilichombakiza kwenye kitabu ni kujua kwamba mashairi hayo mwandishi aliyatunga akiwa mfungwa nchini Kenya, kati ya mwaka 1969 na 1972, na kwamba aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Aliandika: "Sikuelewa nusu. Ile nusu niliyoelewa niliisoma mara mbili. Ningempa mtu anayesema hana pa kuandikia."

Halafu ukafika upelelezi, na hapo baba akaingia mwenyewe mchezoni. Ujana wake wote alikuwa mtu wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, alikisoma akiwa mwanafunzi wa ufundi, nakala isiyo na jalada iliyopita mikono ya bweni zima. Alipokipata tena kwa yule mtandazaji alifurahi kama aliyekutana na mtu waliyesoma pamoja. Akampa binti yake, akawa anamchungulia anaposoma.

Binti akakisoma, kisha akakisoma sambamba na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa na kiko chake wanachunguza mauaji Unguja. Hukumu ikatoka: "Bwana Msa anafikiri, Willy Gamba anapiga. Kukimbizana kwa Willy ni kutamu, sikulala. Ila wanawake wamewekwa kama maua ya mezani. Ningempa kijana wa kiume, lakini nimuulize maswali akimaliza."

Baba alikula chakula cha usiku kimyakimya. Kesho yake alimwambia mkewe kwamba mtoto hajakielewa kile kitabu. Mkewe, bila kuinua macho kwenye vitenge alivyokuwa akikunja, alisema, "Amekielewa kuliko wewe, baba watoto."

Mwezi wa pili alileta Siku Njema cha Ken Walibora, safari ya kijana wa Tanga anayevuka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kwenye swali la pili aliandika neno moja: "Nimelia." Kwenye la tatu aliandika jina la rafiki yake wa shule anayeishi na bibi, kisha akalifuta.

Kitabu kilichofuata hakikutoka kwenye bakuli. Mkutubi alipojua kwamba bibi yao mzaa baba ni mtu wa Ukerewe, alimtajia binti riwaya ya mtu wa kisiwani huko huko: Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Mama yake alipokiona mezani alikaa. Anakijua. Wakati wake walikisoma kwa zamu, kimefunikwa kwa gazeti, kikilala chini ya godoro. Kuna kipindi kilipigwa marufuku shuleni, na bado wapo wazazi ambao wakikiona mkononi mwa msichana wanakunja uso, kwani kinasema wazi mambo ya mwili, ulevi na kutoa mimba.

"Umefika wapi?" mama alimuuliza.

"Nimemaliza."

Mama hakusema zaidi. Alimwambia tu akirudishe kabla tarehe haijapita.

Hapa inabidi kurudi nyuma. Agosti ya mwaka uliotangulia, kabla ya kaunta buku na kabla ya maharage kuungua, binti alikuwa na simu yake, ile kuukuu ya mama. Usiku mmoja baba aliona meseji ya mvulana wa darasani. Ilisema: "Mambo, umelala? Kesho usisahau." Hakuuliza usisahau nini. Alimpiga makofi mawili mbele ya mdogo wake, akaichukua simu na kuifungia kwenye boksi la vifaa vyake vya kazi. Jambo hilo halikuzungumzwa tena. Nyumba nyingi zina jambo la namna hiyo: limezikwa bila matanga, na kila mtu anapita juu ya kaburi.

Kwa hiyo, usiku ule umeme ulipokatika, baba akawasha tochi ya simu na kuchukua kaunta buku ajisogezee muda. Akafungua ukurasa wa Rosa Mistika.

"Kinahusu nini: Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa analelewa kwa kuogopa wanaume, halafu anakwenda shule ambako hakuna wa kumwogopa, na hajui afanye nini. Watu wanasema ni kitabu kuhusu msichana aliyeharibika. Naona ni kitabu kuhusu baba ambaye hakuuliza.

"Kimekufanya nini: Nimeogopa mwisho wake. Sijakasirika sana na Zakaria, kwa sababu nadhani naye aliogopa.

"Ungempa nani: Baba."

Umeme ulirudi na hakuzima tochi. Mkewe ndiye aliyemwambia kwamba chaji inaisha.

Asubuhi hakusema kitu. Lakini kitabu hakikurudi maktaba kwa tarehe yake. Alikiweka kwenye mkoba wa kazi, na kwa siku tisa alikisoma akingoja gesi ijae kwenye mafriji ya watu, akikisoma polepole kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita bila kusoma kitu kirefu kuliko maelekezo ya kompresa. Kuna mahali alikifunga akasema hakisomi tena. Ukurasa wa thelathini ulikuwa umeshapita zamani, na sheria ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe, akakifungua.

Alipomaliza alilipa faini ya kuchelewesha. Jioni, watoto wakiwa nje, alikaa mezani na kaunta buku. Alifuta mara mbili. Mwishowe, chini ya maandishi ya binti yake, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika risiti, yalibaki haya:

"Kinahusu nini: Mzazi anayedhani kupiga ni njia raisi.

"Kimekufanya nini: Nimekumbuka mwezi wa nane. Nilikosea.

"Ungempa nani: Ningempa baba yangu, kama angekuwepo."

Alilifunga, akaliweka mahali pake juu ya televisheni, akatoka kwenda kumtengenezea jirani feni.

Kaunta buku lilikaa pale siku mbili. Siku ya tatu, akitafuta kalamu, alilikuta limefunguliwa kwenye ukurasa ule ule. Neno "raisi" lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni yake limeandikwa "rahisi". Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo: "Kilikuwa kikokotoo. Ndicho alichoniambia nisisahau, maana cha kwake kiliharibika."

Baba alikwenda kufungua boksi la vifaa.