Hasira za Aliyeacha Unga

Wadau, kuna jambo linanikera mtaani kwetu. Mtu akiacha unga tunampigia makofi, halafu akifoka siku moja tu utasikia, "Si nilisema, teja ni teja!"

Binamu yangu huenda kituoni kila asubuhi kunywa methadoni (hapa Dar huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011). Arosto imeisha, hasira ndiyo zimebaki. Miaka 9 kila kilichomuudhi alikizima kwa kete... sasa kete haipo, na kuudhika ndiyo kwanza anajifunza. Mtu mzima wa miaka 32, konda akimzungusha chenji anatetemeka!

Huko kwenye soba hausi wanafundishwa kujikagua kabla ya kulipuka: ni njaa, hasira, upweke au uchovu? Yanaonekana mambo ya kitoto, lakini shangazi siku hizi akimwona amekunja uso anamwekea chakula kwanza, maneno baadaye. Ugomvi mwingi unaishia kwenye sahani.

Kinachomwasha zaidi ni kutazamwa yeye kila pesa ikipotea nyumbani. Simlaumu. Shangazi naye simlaumu jamani, redio yake iliuzwa mara 2.

Basi wamekubaliana: akianza kupandisha sauti, anatoka, anatembea mpaka gengeni, anarudi. Hakuna kumfuata wala kumuuliza alikuwa wapi. Jumanne alitoka saa 2 usiku. Shangazi alikaa mlangoni na simu mkononi, hakupiga. Saa 3 kasoro jamaa huyo, na nyanya za kesho.