Makomeo ya Yona

Tulipomzika bibi yangu kule Bugarama, mhubiri alisema kwamba wasiobatizwa huenda kwenye adhabu ya milele. Bibi hakuwa amebatizwa. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mwiba mguuni.

Miaka ikapita, nikajifunza kwamba katika Kigiriki cha Agano Jipya neno lenyewe ni aionios. Limetokana na aion, yaani zama, au hata umri wa mtu. Wazee wa pwani wangesema dahari. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, makomeo yaliyomfungia Yona vilindini yameitwa kwa neno hilo hilo; naye alikaa siku tatu tu!

Nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Katika Mathayo 25:46 adhabu na uzima vyote viwili vimepewa neno hilo moja. Nikiifupisha adhabu, uzima nao utabaki na urefu gani?

Basi simhukumu bibi, wala simwokoi kwa kamusi. Katika Warumi 16:26 Mungu mwenyewe anaitwa aionios. Kipimo cha neno hilo namwachia yeye.