Duka la Wanawake Watatu Ukingoni mwa Kaisut

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Marsabit, kaskazini mwa Kenya, hupita Merille, penye mnada mkubwa wa mifugo, kisha hufika Laisamis. Aendaye Korr huiacha lami hapo, akashika njia ya kaskazini-magharibi, ukingoni mwa jangwa la Kaisut. Miti ni migunga mifupi, na upepo hauna mapumziko.

Zamani Korr haikuwa mji. Warendile ni watu wa ngamia, na nyumba yao ya fito na mikeka hujengwa na mwanamke, hubomolewa naye, na hupakiwa juu ya ngamia siku ya kuhama. Ukame wa miaka ya 1970 uliwaleta wengi kando ya misheni ya Kikatoliki, palipokuwa na maji na posho ya chakula. Wengi hawakuondoka tena. Malisho ya karibu yakaisha, vijana wakawapeleka wanyama mbali, na akina mama wakabaki mjini na watoto na vikongwe, pasipo maziwa. Askari aliyepata kulinda mifugo katika nchi kame aijua hali hii: mali iko porini, njaa iko nyumbani.

Katika nchi hiyo ndimo lilimoanzia shirika la BOMA, lililoasisiwa mwaka 2005 na Kathleen Colson, Mmarekani wa jimbo la Vermont. Njia yake inafanana na ile iliyoanzishwa na BRAC huko Bangladesh mwaka 2002. Kwanza wanakijiji wenyewe husaidia kuwataja walio maskini kuliko wote. Kisha wanawake watatu huungana katika biashara moja, wakapewa fedha za kuanzia. Fedha hizo si mkopo. Mshauri, mwenyeji wa huko huko, huwatembelea, akiwafundisha kuhesabu faida, kuweka akiba na kupanga matumizi. Baadaye vikundi kadhaa hujiunga katika chama cha akiba, ambamo mwanachama aweza kukopa karo au nauli ya kwenda hospitali.

Biashara zenyewe ni za kawaida: sukari, majani ya chai, unga, mafuta ya kupikia, shanga, au mbuzi wa kununua na kuuza. Ajabu haimo katika bidhaa. Imo katika idadi ya wenye duka. Mmoja akifuata bidhaa, wa pili hukaa dukani, na wa tatu huchota maji na kuwatazama watoto wa wote. Na mume akizitaka fedha za duka, huambiwa kwa adabu kwamba si za mkewe peke yake.

Adui wa duka hilo ni deni. Mteja ni jirani, naye jirani ni shemeji au wifi. Nani atamnyima kikombe cha sukari mtu wa nyumba yake, hali mbuzi wake hawajauzwa? Hapa hesabu za mshauri hugongana na heshima ya ukoo, na si haki kumcheka mama anayeshindwa kuchagua.

Jaribio kali lilikuja mwishoni mwa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, hadi mwaka 2023, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Mteja aliyepoteza mbuzi hana cha kulipia. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba duka linachukua nafasi ya mvua. Tofauti ni kwamba mwenye akiba aliweza kununua unga kabla ya kumtupa mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya hasara. Na mbuzi huyo, mvua ikirudi, ndiye huanza tena zizi.

Jioni, joto likipungua, watoto hutumwa dukani na sarafu mkononi. Sukari hupimwa kwa kikombe, chumvi kwa kijiko, na deni la leo huandikwa katika daftari, chini ya deni la jana.