Tumbo la Chuma

Nilikulia karibu na Mto Sosiani, ambao hupita katika mji wa Eldoret. Tangu utotoni nilikunywa maji yake kwa kiganja, wala sikumbuki kuugua. Wageni walipokuja kwetu wakahara, tuliwacheka, tukasema matumbo yao ni ya karatasi na yetu ni ya chuma. Majivuno hayo sikuyaacha hata nilipokuwa mwalimu, nikaoa, nikapata binti.

Mke wangu alichemsha maji ya mtoto kila siku. Mimi niliona ni kupoteza kuni bure. Mtoto alinawiri wakati wa kunyonya, lakini alipoachishwa ziwa akaanza kuhara choo chenye mafuta na harufu mbaya. Tumbo lilijaa upepo, na mwili ukapungua siku hata siku, mpaka nikaogopa kumtazama.

Daktari alipopima choo chake kwa hadubini aliona jiadia, kimelea ambacho Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek husadikiwa kuwa alikiona mwaka 1681 katika choo chake mwenyewe. Akampa mtoto dawa ya metronidazoli kwa kadiri ya uzito wake. Kisha akataka na mimi nipimwe. Nilicheka. Majibu yalipotoka, kicheko kilinikauka: kimelea hicho kilikuwamo tumboni mwangu pia.

“Mwalimu,” akasema, “kinga yako ni ya kweli, lakini ni ya nusu. Mwili ulioshambuliwa mara nyingi hujifunza kupigana na jiadia, hata ugonjwa ukawa mwepesi au usionekane kabisa. Walakini kimelea chaweza kukaa tumboni, kikatoka na choo kikiwa kimejifunika gamba gumu, kikamngoja mwingine majini au mikononi. Mtoto alikuwa akilindwa na maziwa ya mama. Sasa ulinzi huo hanao, na wake mwenyewe bado haujakomaa.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Huenda mtoto aliambukizwa na maji ya mto niliyompa siku moja mama yake alipokuwa sokoni. Huenda ni mkono wangu, ambao sikuuosha kwa sabuni kabla ya kumlisha. Sitajua kamwe.

Tulitumia dawa sote wawili, na binti yangu akapona. Lakini dawa huua kimelea kilichomo tumboni; haimkingi mtu na kile atakachokunywa kesho. Kwa hiyo sasa mimi ndiye nitegaye sufuria mekoni. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100; basi huyaacha yatokote dakika 3 kamili. Mgeni akija nyumbani akaomba maji yaliyochemshwa, simcheki tena. Humpa kikombe, nami nikanywa cha kwangu kutoka mtungi ule ule.