Mota ya Mamajusi

Ufundi wangu ulianzia Mang'ula, katika karakana iliyobaki baada ya Wachina kumaliza kujenga reli ya TAZARA. Treni zilianza kazi mwaka 1976. Sisi vijana wa bonde tulipokelewa pale kufagia chenga za vyuma, na waliovumilia ufagio wakafundishwa kuchonga shafti na kupima bushi. Neno "inatosha" lilikuwa mwiko kwa mtu ambaye hajapima. Nilipohamia Ifakara mjini na kufungua kibanda changu, vyuma vilipungua ukubwa, vikawa redio za National, pasi na feni, baadaye televisheni. Mwiko ulibaki uleule.

Kipato cha fundi wa Ifakara hufuata mpunga. Mavuno yakishauzwa, watu huja na redio zilizokaa kimya msimu mzima. Desemba mambo hugeuka: mvua zinaanza, wengi wako shamba, na fedha yote imezama kwenye mbegu na kukodi trekta. Enzi za pantoni, kabla daraja la mita 384 halijazinduliwa mwaka 2018, wateja wa ng'ambo ya Mto Kilombero walikuwa hawaonekani kabisa. Kwa hiyo mteja wa Desemba simsahau.

Mmoja wao alikuwa mkunga mstaafu. Ifakara na Uswisi wamejuana siku nyingi: Wakapuchini wa Uswisi ndio walioanzisha hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Ndiyo maana kibandani kwangu zimepita cherehani, saa za ukutani na plagi za pini tatu za mviringo zisizoingia kwenye soketi zetu. Mama huyu alileta pango la Noeli la mbao, zawadi ya sista aliyezalisha naye akina mama kabla hajarudi kwao. Chini ya pango kuna sahani, na juu ya sahani Mamajusi watatu na ngamia wao huzunguka hori la Mtoto Yesu. Walikuwa wamesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Wajukuu wanakuja Noeli. Nataka watembee."

Nilifungua. Koili ya mota ilikuwa imekatika ndani. Nyaya zake ni nyembamba kuliko unywele, na kuisuka upya kwa mkono ni kujitafutia ugonjwa wa macho. Ilibidi nipate mota nyingine. Kijana wangu akaleta mota ya redio kaseti. Ile hula volti chache za betri na huzunguka maelfu kwa dakika. Mamajusi wangerushwa hadi Mlimba.

Mota iliyofaa ilikuwa ndani ya maikrowevu iliyokufa, ile inayozungusha sahani ya chakula. Kabla ya kuingiza mkono humo niliondoa kwanza umeme uliobaki kwenye kapasita, maana hata plagi ikiwa imechomolewa inaweza kushika volti za kuua mtu. Kisha nikasoma kibandiko cha mota. Nyingine za aina hii ni za volti 21, ukiziunga moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani unasikia harufu tu. Hii ilikuwa ya volti 220 hadi 240, mizunguko 2.5 au 3 kwa dakika: 2.5 kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, 3 kwa wa hezi 60 kama wa Marekani. Mwendo wake hushikamana na hezi. Jioni umeme ukififia na balbu kuwa nyekundu, feni hulegea, lakini mota hii, ilimradi haijazimika, haibadili hatua.

Je, ya zamani ilikwenda mizunguko mingapi? Maandishi yake yalikuwa yamefutika. Nikamuuliza mama. Hakujua habari za mizunguko, ila alisema nyumbani wakiimba, Mamajusi walirudi mbele ya hori kila ubeti ulipoisha. Nikamwomba aimbe. Akaimba pale kibandani, wapita njia wakisimama, nami nimekodolea saa: sekunde 24. Gawa 60 kwa 24, unapata 2.5. Nimepima vitu vingi kwa kaliperi na kwa mita, lakini kipimo kilichonifurahisha kuliko vyote kilitoka kooni mwa mkunga.

Shafti haikulingana na tundu la sahani, hivyo mchonga vyuma jirani alinitolea bushi ya shaba. Tukawasha. Mamajusi wakatembea kinyumenyume. Tukazima, tukawasha, wakaenda mbele, tena, kinyume. Mota za namna hii zikiwashwa huanza upande wowote, na kwa chakula cha kupasha moto hilo halina neno. Ya zamani ilikuwa na kizuizi ndani yake. Nikakata ulimi mdogo wa bati na kuufunga kwenye gia ya kwanza, ambako nguvu bado ni ndogo: gia ikianza vibaya inaugonga, inarudishwa, inashika njia yake. Tangu hapo wanakwenda mbele tu.

Mama alikuja kulichukua. Alitazama mzunguko mzima, midomo ikicheza kimyakimya, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainamisha sikio.

"Mbona haingurumi?"

Nikamweleza kuwa ule ulikuwa mlio wa bushi iliyolika. Akasema ameelewa, ila kwake ndio uliokuwa mlio wa Noeli, na spea yake sikuwa nayo. Alilipia mota na kazi ya mchonga vyuma bila neno, akabishania bei ya kile kibati mpaka nikampunguzia, na Januari akamtuma mjukuu aniletee pasi.