Mashini Chini ya Mwembe: Safari ya Bunkeya na Likasi

Mwaka 2011, kiangazi kilipokuwa kikali na moshi wa mioto ya porini ukilifanya jua la jioni kuwa jekundu kama shaba, tulifunga shule, nami nikashika njia ya kwenda Bunkeya kumwamkia mjomba wangu. Mtu atokaye Lubumbashi hupita kwanza Likasi, mwendo wa kilomita kama 120 kwa barabara ya lami. Kisha huiacha lami, hupanda kamio na kukaa juu ya magunia, na tangu hapo vumbi ndilo mwenzi wake wa safari. Nilipofika, watoto walinicheka, maana nyusi zangu zilikuwa nyekundu kama za mtu aliyezipaka rangi kwa ngoma.

Wanafunzi wanaijua Bunkeya kwa jina. Hapo ndipo mfalme Msiri alipokuwa na mji wake mkuu. Watu wa jamaa yake walitoka nchi ya Wasumbwa, katika Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba. Yeye akabaki, akaitawala Garanganze, na bidhaa zake zikafika hata Benguela upande wa magharibi na pwani ya Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati msafara wa Stairs ulipokuja kuitaka nchi yake kwa ajili ya Leopold II. Wayeke, watu wake, walijua kuyeyusha shaba na kuivuta hata ikawa uzi mwembamba. Nayataja hayo ili mtu asidhani kwamba kazi ya chuma na moto ni ngeni katika kijiji hicho.

Basi, nilimkuta mjomba ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe, akiitazama Land Rover yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ilikuwa ya mwaka 1978, ya mwili mrefu, ile iitwayo 109 kwa sababu toka gurudumu la mbele hata la nyuma ni inchi 109. Motokari za namna hiyo zilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita ilikuwa imekwisha, chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wake ilifanywa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mwili wa ile ya mjomba ulikuwa umebonyea kila mahali, lakini haukuoza.

Mwili ulikuwa mzima, lakini mashini ilikuwa inakufa. Ilitoa moshi wa buluu, ilikunywa mafuta ya kulainishia karibu kama inavyokunywa petroli, na katika kila mlima ilipoteza nguvu. Kwa motokari hiyo mjomba alipeleka mahindi Likasi. Kwa motokari hiyo wanawake wenye uchungu wa kuzaa walipelekwa hospitali usiku. Zaidi ya hayo, binti yake mkubwa alikuwa amemaliza shule ya msingi, na alipaswa kuingia sekondari huko Likasi mwezi wa Septemba. Fedha ya karo ilikuwamo katika kopo, chini ya kitanda.

«Mwalimu,» mjomba akaniambia, «kopo ni moja, na vinywa ni viwili. Nikilipa karo, mwakani sitakuwa na kitu cha kulipa. Nikitengeneza mashini na ikakataa, nitakuwa nimekula shule ya mtoto. Unasemaje?»

Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu tuifungue kwanza, tuone.

Jinsi vumbi lilivyoingia

Miaka miwili kabla, mjomba alikuwa ameipeleka mashini hiyo kwa watengenezaji fulani wa mjini. Walichukua fedha yake, wakamrudishia mashini iliyopakwa rangi nzuri kwa nje. Baada ya miezi mitatu moshi ukarudi. Tangu siku hiyo hakuwa na neno jema kwa fundi yeyote, akaapa kwamba mara hii kazi itafanyika nyumbani kwake, mbele ya macho yake.

Hakukubali tufunge mnyororo katika tawi la mwembe. «Tawi halisemi litavunjika lini,» alisema. Tulisimamisha miti mitatu minene, tukaifunga vichwa pamoja, na kwa mnyororo tukaiinua mashini polepole, huku watoto wamefukuzwa mbali. Kila bolti tuliyotoa tuliiweka katika kopo lenye alama. Vijiti vinavyosukuma vali tulivichomeka kwa taratibu yake katika karatasi ngumu yenye matundu manane, maana vyuma vilivyozoeana havifai kubadilishana mahali.

Katika kazi hiyo nilishika mpira unaotoa hewa katika chujio na kuipeleka katika kabureta. Chujio la Land Rover hiyo lina bakuli la mafuta: hewa hupita juu ya mafuta, na vumbi hunaswa humo. Mafuta yalikuwamo, lakini mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, na mpasuko umefungwa kitambaa. Nikaingiza kidole ndani, kikatoka chekundu.

Mjomba alikitazama kidole changu kwa muda mrefu. Kisha akasema, «Kitambaa hicho nilikifunga mimi. Miaka mitatu imepita.»

Hapo tukaelewa. Hewa haikupita tena katika mafuta, ilipita katika mpasuko, pamoja na udongo wa njia yote ya Likasi. Vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama jiwe la kunolea, nalo husaga pete za pistoni na kuta za matundu yake mchana na usiku. Hata kama wale watengenezaji wangefanya kazi safi kabisa, mashini ingekufa tena. «Walinidanganya,» mjomba akasema, «lakini vumbi nililiingiza mwenyewe.» Naona neno hilo lilimgharimu kuliko pistoni.

Hesabu ya pete

Sasa ilitupasa kujua kuta zimelika kadiri gani. Hatukuwa na chombo cha kupimia ndani ya tundu, lakini tulikuwa na pete moja, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na hesabu tunayofundisha shuleni. Pete ya pistoni si duara kamili. Ina mwanya mdogo. Ukiitia chini kabisa ya tundu, mahali ambapo pistoni haifiki, mwanya huonyesha ukubwa wa zamani. Ukiitia juu, mahali palipolika, mwanya huongezeka.

Nilimwita binti ya mjomba, akapima. Chini mwanya ulikuwa milimita 0.41, juu ulikuwa milimita 1.35.

«Tofauti ni 0.94,» akasema. «Sasa, Yaya?»

«Pete inazunguka tundu. Ili kupata upana toka mzunguko, tunafanyaje?»

Akafikiri kidogo, akagawa kwa 3.14 juu ya mchanga kwa kijiti. «Ni 0.30.»

Basi tundu lilikuwa limepanuka milimita 0.30. Kwa macho huwezi kuona kitu, lakini kwa mashini ni ugonjwa wa mauti: pete haziwezi tena kuzuia mafuta, nayo hupanda na kuungua. Ilibidi matundu yachongwe upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Kazi hiyo haifanyiki chini ya mwembe. Jioni ile mjomba aliingia nyumbani, akatoka na kopo. Hakusema neno, wala binti hakusema.

Likasi

Mwili wa mashini ulipanda kamio pamoja na mahindi, nasi juu yake. Likasi, ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, ni mji wa vilima, reli na viwanda. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliweka karakana zake kuu huko Panda, na humo vizazi vya mafundi walijifunza kukereza chuma kwa kipimo kisichoonekana kwa jicho. Mwaka 1967 kampuni ilichukuliwa na Serikali. Miaka ikapita, kazi ikapungua, wengi wakaenda nyumbani. Lakini ufundi hauachwi langoni pamoja na kadi ya kazi. Ukiuliza katika mitaa ya Likasi, utaonyeshwa mzee mwenye mashini ya kukereza nyuma ya nyumba yake.

Mzee wetu alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipapasa matundu kwa dole gumba, akapima, akatutajia ukubwa: pistoni zilizozidi zile za kwanza kwa inchi 0.030, yaani kama robo tatu ya milimita. Tundu lililokuwa na milimita 90.47 lingekuwa na 91.23.

Mjomba akamwomba aanze mara moja, maana siku zilikuwa zikienda. Mzee akakataa. «Leteni pistoni kwanza. Nitapima kila moja, nami nitachonga tundu lake kwa kadiri yake. Nguo hushonwa kwa mwili wa mtu. Haishonwi kwa kusikia habari zake.»

Nilikwenda Lubumbashi, nikazitafuta siku mbili katika maduka, nikarudi nazo nimezipakata kama mtoto. Mzee alichonga matundu, kisha akayasugua kwa jiwe hata kuta zikawa na mistari midogo inayokatana kama msuko wa mkeka. Katika mistari hiyo mafuta hukaa. Alisawazisha pia shingo za mhimili mkuu, tatu zinazokaa katika mwili wa mashini na nne zinazoshika mikono ya pistoni, akatuonyesha beringi nene zaidi za kununua. Tulipoaga alimwambia mjomba, «Mkifika, osheni. Mkidhani imetakata, osheni tena. Vumbi la jiwe langu ni baya kuliko la njia yenu.»

Kurudisha kila kitu mahali pake

Tulitii. Mjomba alimwaga maji uani, akatundika shuka pande tatu ili kuzuia upepo. Tuliosha mwili wa mashini kwa maji ya moto na sabuni, tukapitisha waya na kitambaa katika kila njia ya mafuta, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli. Kitambaa cheupe kilipotoka cheupe, ndipo tulipopaka mafuta na kuanza kujenga.

Kila tulipofunga kitu kimoja tuliuzungusha mhimili kwa mkono. Kama ungekuwa mzito ghafula, tungejua kosa ni la mwisho, si la jana. Pete tulizibana kwa bati la debe lililokatwa vizuri, pistoni zikateremka moja moja. Lakini bolti kubwa za kichwa cha mashini zilitutia mashaka, maana zinataka kukazwa kwa nguvu ya kilo 9 kwenye mkono wa mita moja, nasi hatukuwa na ufunguo wa kupima nguvu. Nikakumbuka somo la wenzo. Tuliunga bomba katika ufunguo hata urefu ukawa mita moja kamili, tukafunga mwishoni mizani ya ndoano ya kupimia mahindi, tukavuta toka bolti za katikati kwenda pembeni, mara ya kwanza kilo 4, ya pili 7, ya tatu 9. Nafasi za vali tulizipima milimita 0.25. Mpira wa hewa tulinunua mpya.

Siku ya kuwasha

Mwezi wa Agosti ulikuwa ukiishia. Majirani walikuja kama kwenye harusi. Tulitia lita 6 za mafuta, tukatoa buji zote, tukazungusha kwa manivela hata mafuta yakafika juu penye vali. Tukarudisha buji. Mjomba akazungusha. Mashini ikapiga kelele moja kwa nyuma, kama bunduki, ikanyamaza. Akazungusha tena, na tena, hata jasho likamtoka. Watu wakaanza kuondoka wawili wawili. Mjomba akaketi juu ya kigoda chake, asimtazame binti yake.

Nami nilitafuta kosa katika kabureta, nisilione. Binti ndiye aliyetoa buji ya kwanza, akaweka dole gumba juu ya tundu, akaniomba nizungushe polepole.

«Yaya, hewa inanisukuma sasa,» akasema. «Lakini kidole cha delko kinatazama waya wa nne.»

Alikuwa na haki. Pistoni hupanda mara mbili katika kila kazi moja: mara ya kwanza kubana hewa na petroli, mara ya pili kutoa moshi. Mimi niliweka delko kwa kupanda kule kusikofaa, hata cheche ikaja wakati wa moshi. Katika mashini hiyo moto huwaka kwa taratibu ya 1, 3, 4, 2. Tulibadilisha waya wa kwanza na wa nne, wa tatu na wa pili. Mjomba alizungusha mara moja tu.

Iliwaka. Ilitoa moshi kidogo wa mafuta tuliyopaka, kisha ukakoma. Ikabaki sauti yake nzito na ya taratibu. Mjomba alizima, akawasha tena, kana kwamba hakuamini. Kisha akamwambia binti yake, «Kesho utapanda mbele.»

Haikuwa kesho. Binti aliingia shule akiwa amechelewa wiki moja, maana karo ilipatikana kwa safari tatu za mahindi, zote kwa mwendo wa pole. Katika kilomita 1,000 za kwanza mjomba hakuzidi 50 kwa saa, wala hakupakia sana. Kisha alimwaga mafuta, akatia mapya, akakaza tena bolti za kichwa kwa mizani. Pistoni moja ya zamani binti aliichukua shuleni, akatia humo kalamu zake.

Wasomaji wapenzi, wako wengi wenye motokari, pikipiki au mashini ya kusaga unga. Kabla ya kumlaumu fundi, na kabla ya kununua kipya, tazameni hewa inapoingilia. Mpira ule ulikuwa kitu cha fedha kidogo. Kitambaa kilichofungwa juu yake kilikaribia kula mwaka wa shule wa mtoto.